Makabati ya jikoni ya mbao halisi: mambo ya kuamua kabla fundi hajashika msumeno

Jiko la mbao halisi hula fedha nyingi, na likiharibika mara nyingi kosa si la mkono wa fundi. Linaharibiwa na mbao mbichi, na vipimo vilivyochukuliwa kabla ukuta haujapigwa plasta na kuwekwa vigae, na maji ya kupiga deki yanayonyonywa na makabati kutoka chini. Unaweza kumpata seremala hodari kuliko wote pale Keko, Dar es Salaam, ukamlipa alichotaka, na masika ya kwanza tu milango ikagoma kufunga. Ndiyo maana makala hii inakaa zaidi kwenye unyevu na hesabu kuliko kwenye rangi na mitindo.

Mbao gani, na kavu kiasi gani

Kwa milango na nyuso za droo, mninga unastahili kufikiriwa kwanza. Husinyaa kidogo sana unapokauka, unakubali randa vizuri, na ukishatulia hauhangaiki. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, nao hutulia. Mvule pia hautikisiki, ila una tabia ya kuficha madonge ya chokaa magumu kama jiwe ndani ya ubao, na madonge hayo humaliza meno ya msumeno. Fundi ajue mapema asije akalaumu mashine. Mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa ni mzuri, lakini mti uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje. Sehemu hiyo nyeupe, iwe ya mtiki au ya mninga, isiingie jikoni kabisa. Bungua, wadudu watoboao mbao, huishambulia, na utaanza kuona unga laini ukidondoka chini ya mlango wakati kila kitu kimeshalipiwa.

Dai risiti na vibali vya mbao unazonunua. Mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika viliingizwa mwaka 2022 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuvusha mbao zake mpakani bila kibali ni kujitafutia matatizo.

Sasa unyevu. Ndani ya nyumba isiyo na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa, mbao hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 13 hadi 15. Jiko lililoungana na sebule yenye kiyoyozi kinachowaka kutwa hushuka hadi karibu asilimia 10. Nairobi ni chini kidogo ya pwani, na Dodoma wakati wa kiangazi ni kukavu zaidi. Mbao iliyotoka kupasuliwa inaweza kuwa na zaidi ya asilimia 40. Tofauti hiyo yote lazima iishe kabla ya kuchonga, maana isipoisha kwenye karakana itaishia ukutani kwako, kwa nyufa na kupinda.

Kanuni ya zamani ya kukausha kwa hewa ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tanuru hufupisha muda huo kuwa wiki chache. Muuzaji akikuambia mbao ni kavu, mwombe akate sentimita 30 kutoka kichwani mwa ubao, kisha upime pale palipokatwa upya. Kichwa cha ubao hukauka kabla ya tumbo, na kipimo cha pale nje kitakudanganya. Kama huna kipima unyevu, chukua kipande kidogo kilichokatwa katikati ya ubao, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzijoto 103 hadi uzito uache kupungua, halafu ukipime tena. Kikitoka gramu 230 kikafika 200, kilichopungua ni 30. Gawanya kwa 200, upate asilimia 15.

Mbao zikishafika karakana zipangwe bapa, zikitenganishwa na vijiti vya unene wa milimita 20 hadi 25, kila baada ya sentimita 40 au 50, na vijiti viwe kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Visipokuwa kwenye mstari mmoja, uzito wa mbao za juu utazikunja za chini. Ziachwe hivyo wiki mbili au tatu. Kisha zirandwe kwa awamu mbili: ya kwanza iache milimita 3 hivi za ziada, zipumzike siku kadhaa, ndipo zifikishwe kwenye kipimo. Ubao ukirandwa mara moja tu, mvutano uliokuwa ndani yake hujitokeza usiku, na asubuhi unaukuta umejikunja.

Mbao halisi haikai kila mahali

Wateja wengi wanaotaka jiko la thamani husisitiza kila kipande kiwe mbao halisi, pamoja na mwili wa kabati. Hapo wanakosea. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kusumbua. Inayobadilika ni upana. Ubavu wa kabati wenye kina cha milimita 560, ukiwa wa mtiki uliopasuliwa bapa, hutanuka kwa takriban milimita 4 unyevu ukipanda kwa asilimia 4. Reli ya droo iliyofungwa kwenye ubavu huo ni chuma, nayo haitanuki. Ubavu utapasuka au droo itakwama.

Mwili wa kabati uwe wa marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) ya milimita 18, inayobandikwa kwa gundi isiyoachia kwa maji. Usiamini mhuri peke yake: chemsha kipande kwa saa kadhaa, na kikifunguka tabaka, rudisha mzigo. MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na chipubodi za kawaida zisikaribie sinki, kwa sababu zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Mbao halisi ziweke kwenye milango, nyuso za droo, fremu za mbele na ncha za makabati zinazoonekana.

Mlango wenyewe lazima uwe wa fremu na paneli, si ubao mmoja mpana. Chukua mlango wa upana wa milimita 450 na urefu wa 720, unene 22. Nguzo mbili za wima ni 65 kwa 720. Katikati hubaki 320, kwa hiyo vipande vya ulalo, vyenye upana uleule wa 65, vina urefu wa 380: ile 320, pamoja na ulimi wa 30 kila upande unaoingia kwenye tundu la nguzo. Ukingo wa ndani wa fremu uchongwe mfereji wa kina cha milimita 10. Paneli ingejaza mfereji mzima ingekuwa na upana wa 340, lakini kata 334, ili kila upande ubaki na milimita 3 za kutanukia. Kwa urefu, badala ya 610 kata 608 tu, maana huko haihangaiki.

Gundi inaingia kwenye ulimi na tundu peke yake. Paneli isiguswe na gundi hata tone. Ielee ndani ya mfereji. Fundi mwenye haraka huipaka gundi ili isicheze, na hicho ndicho chanzo cha paneli kupasuka katikati kwa mstari mrefu kufuata nyuzi. Ikiwa inagongagonga, weka kijipande cha mpira laini ndani ya mfereji. Na paneli ipakwe vanishi kabla ya kuunganishwa, la sivyo kiangazi itasinyaa na kuonyesha ukanda mweupe usio na rangi pembeni. Ukiona ukanda huo kwenye jiko la mtu, ujue kazi ilienda kinyume.

Milango yote inayokaa ukuta mmoja itoke kwenye gogo moja, na nyuso za droo za kabati moja zikatwe kutoka ubao mmoja mpana ili nyuzi zifuatane kutoka juu hadi chini. Kwa hilo, nunua mbao zaidi ya hesabu kwa asilimia 25 hadi 30. Fedha hiyo haipotei, kwani mbao zinazobaki ndizo zitakazotengeneza mlango wa akiba unaofanana na mingine.

Vipimo

Kimo cha meza ya kazi kitokane na mwenye kupika. Asimame wima, akunje kiwiko, kisha ushuke sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Wengi wataangukia kati ya sentimita 85 na 92. Pale panapokandiwa unga wa chapati pashushwe zaidi, kama sentimita 80. Jiko la gesi nalo lisikae juu sana: kusonga ugali wa watu 8 kwenye sufuria ndefu kunataka bega liwe juu ya mwiko, na jiko lisitikisike.

Makabati ya juu yawe na kina cha sentimita 30 hadi 35, yaanze sentimita 50 juu ya meza. Njia kati ya safu mbili isipungue mita 1, na wakipika watu wawili iwe 1.2. Chini acha nafasi ya vidole vya miguu yenye kimo cha sentimita 10 na kina cha 6 hivi. Makabati yakae juu ya miguu ya plastiki inayorekebishika, kisha sketi ya mbele, yaani ubao unaoficha miguu hiyo, ibanwe kwa klipu. Sketi ndiyo italowa kila siku wakati wa deki, na inabadilishwa kwa dakika chache bila kugusa kabati.

Usichukue vipimo vya mwisho kabla vigae havijakauka. Nyaya, soketi, bomba la maji na bomba la taka vitangulie, plasta ifuate, halafu vigae, ndipo fundi arudi na futi yake. Apime upana kwa kimo cha chini, cha kati na cha juu, afanye kazi na kile kidogo kuliko vyote, na pembeni mwa kuta aache kipande cha kujaza cha milimita 30 hadi 50. Kona zinakihitaji kuliko mahali pengine popote, maana bila hicho droo ya upande mmoja itagonga vishikio vya upande wa pili.

Droo za reli za ubavuni zenye vipira vya chuma (beringi) zinadai nafasi ya milimita 12.7 kila upande. Kabati la 600 lenye mbavu za 18 lina uwazi wa 564. Sanduku la droo kwa nje liwe 538. Likizidi kwa milimita 2 litakwama, likipungua kidogo utaweza kuweka kijikaratasi kigumu nyuma ya reli. Nunua reli na bawaba kabla ya kuchonga, usikate kwa kukisia. Na kama bajeti inabana, punguza mapambo lakini usipunguze bawaba. Mlango wenye kimo cha hadi sentimita 90 hubebwa na bawaba 2, wa sentimita 160 unataka 3, na wa mkongo ongeza moja. Karibu na bahari tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chuma cha kawaida hutia mbao za mvule madoa meusi yasiyotoka.

Mtungi wa gesi ukikaa ndani ya kabati, toboa matundu ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na tundu la juu halitakusaidia. Kuuweka nje ya nyumba ni bora zaidi.

Vanishi, mawe na maji

Piga msasa namba 120, kisha 150, kisha 180 au 220, ukifuata nyuzi. Laka ya kawaida hukauka haraka lakini jikoni haidumu: joto la sufuria na maji huiachia madoa. Poliurethani inayouzwa na kigumishi chake ndiyo ya kuaminika. Mtiki na mvule zina mafuta yanayozuia vanishi kukauka, kwa hivyo zifutwe kwa thina safi, na zipakwe mara tu thina ikishakauka. Uso wa nyuma upate mikono ileile ya vanishi kama wa mbele. Ukiuacha mtupu, mlango utanyonya unyevu upande mmoja na kupinda. Kupulizia laka wakati wa mvua za masika huleta ukungu mweupe ndani yake, basi subiri siku kavu. Ukichagua mafuta ya kitani, matambara yaliyotumika yatandazwe nje au yalowekwe kwenye maji, kwa sababu yakirundikwa hujipasha joto hadi kuwaka yenyewe.

Graniti ya milimita 20 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Makabati yasawazishwe kwa pimamaji na kufungwa pamoja kabla jiwe halijapanda. Jiwe litokeze milimita 25 hadi 30 mbele ya milango, na chini ya ukingo huo lichongwe mfereji mwembamba wa milimita 3. Bila mfereji huo, maji yanayomwagika mezani hutambaa chini ya jiwe na kutua juu ya kichwa cha mlango, mahali ambapo vanishi huwa nyembamba kuliko popote. Milango ya sinki huoza kuanzia hapo. Mwagize fundi wa mawe aukate akiwa bado karakanani.

Mvua za kwanza zikishapita, kagua milango yote. Bawaba za kisasa zina skrubu ya mbele ya kusogeza kushoto na kulia, ya nyuma ya kusogeza ndani na nje, na zile za bamba la ubavuni za kupandisha na kushusha. Mara nyingi hizo zinatosha. Mlango ukiendelea kusugua, usiukimbilie na randa wakati wa masika. Subiri kiangazi uone kama utarudi wenyewe, kwani ukiuranda ukiwa umevimba utabaki na mwanya kiangazi kikifika. Na ikibidi kuranda, ukingo ule upakwe vanishi siku hiyohiyo.