Maswali ya hataza: boila imehamia kwenye seva, uvumbuzi uko wapi?

SWALI: Kiwandani tulikuwa na PLC (kompyuta ndogo za kudhibiti mitambo) tatu za boila, kila moja na kabati lake. Sasa programu zote tatu zinaendeshwa kama mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) ndani ya seva mbili. Moja ikifa, nyingine inashika kazi. Kwenye makabati zimebaki moduli za kupokea na kutoa ishara tu. Mshirika wetu aliyeko Houston anataka tuombe hataza (patent, haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani. Mwenzangu anasema programu ya kompyuta haipewi hataza. Nani yuko sahihi?
— Mhandisi wa mitambo, Mwanza

JIBU: Kila mmoja ameshika kipande. Sheria ya Marekani ina milango kadhaa, na miwili ndiyo watu huichanganya. Kifungu cha 101 kinauliza kama kitu chenyewe ni cha aina inayoweza kupewa hataza. Kifungu cha 102 kinauliza kama ni kipya. Unaweza kuwa na hesabu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuifanya, ukapita 102 kwa kishindo, na ukaanguka 101 kwa sababu hesabu tupu haimilikiwi.

Bahati nzuri, kesi mbili kongwe za mlango wa 101 zinatoka kiwandani. Katika Parker v. Flook ya mwaka 1978, mwombaji alikuwa na njia ya kurekebisha kikomo cha kengele ya hatari wakati wa kuchakata mafuta kwa kichocheo: soma joto, piga hesabu, weka kikomo kipya. Mahakama ya Upeo ya Marekani ikakataa. Ombi halikueleza mchakato wa kemia unaendeshwaje wala kengele inalizwaje. Lilitoa namba mpya likaishia hapo. Miaka mitatu baadaye, katika Diamond v. Diehr, hesabu ilikuwa ya Arrhenius, inayojulikana tangu karne ya 19. Lakini joto lilipimwa ndani ya kalibu ya mpira muda wote, kompyuta ikarudia hesabu tena na tena, na muda ulipotimia ikafungua mashine ya kukandamiza. Majaji watano kwa wanne wakakubali. Flook alitoka na namba, Diehr akatoka na mpira ulioiva sawasawa.

Tangu Alice v. CLS Bank ya mwaka 2014 swali huulizwa kwa hatua mbili: je, dai (sentensi ya ombi inayosema unamiliki nini) linalenga wazo la dhahania, na kama ndivyo, kuna kitu cha ziada kinachozidi kazi za kawaida za kompyuta? Msidhani kutaja chuma ndani ya dai kunatosha. Katika ChargePoint v. SemaConnect ya mwaka 2019, dai lilikuwa la kituo cha kuchajia magari chenye swichi halisi ya kuwasha na kuzima umeme kwa amri kutoka seva ya mbali. Lilianguka: mahakama iliona kinachodaiwa hasa ni wazo la kuwasiliana na kifaa kupitia mtandao. Sasa soma dai hili, la namna inayoandikwa kila siku:

“Mfumo wa kudhibiti mchakato wa kiwanda, wenye seva, mashine pepe inayoendesha programu ya udhibiti, na mtandao unaounganisha mashine hiyo na vifaa vya kiwandani.”

Hilo litakwama 101, na likiponea hapo litakufa 102. Kuitoa PLC kwenye kabati na kuiweka ndani ya seva si uvumbuzi. Tafuteni mahali ambapo kuhama huko kuliwasumbua, kisha mkapata dawa.

Kwa boila, usumbufu wenyewe unajulikana. Chukueni kitanzi (mzunguko wa kupima na kurekebisha) cha kiwango cha maji kwenye dramu, kinachopiga hesabu kila milisekunde 20. Seva ya kwanza ikisimamishwa kwa milisekunde 180, mizunguko tisa imepotea, na mashine pepe haijui kwamba ilisinzia. Ikiamka hufikiri zimepita 20 tu. Sehemu ya I ya PID (kanuni ya udhibiti inayotazama kosa la sasa, jumla yake na kasi ya kubadilika kwake) inajumlisha kosa kwa muda usio sahihi, sehemu ya D inaona kiwango kimeruka ghafla, na vali ya maji inapigwa teke. Kama saa ya ulinzi (muda wa kusubiri amri kabla ya kuhesabu kidhibiti kimekufa) ya moduli za kutoa ishara imewekwa milisekunde 100, hali ni mbaya zaidi: moduli zimekwisha kata tamaa, zimepeleka vali kwenye hali ya usalama, na boila imezimika. Kisha kuna ugonjwa wa vichwa viwili. Seva ya pili imeshika kazi, ile ya kwanza inaamka ikijiona bado ni bosi, na zote mbili zinaandikia vali moja.

Kama mmetibu hayo, andikeni dawa yenyewe hatua kwa hatua. Kidhibiti kilicho kazini kinampelekea msaidizi wake, kila mzunguko, jumla ya sehemu ya I pamoja na namba ya zamu, inayopanda kila kazi inaposhikwa na kidhibiti kingine. Lango la ishara lililobaki kwenye kabati linashikilia amri ya mwisho ya vali kwa muda uliowekwa, na linakataa amri yoyote yenye namba ya zamu ndogo kuliko kubwa kabisa iliyokwisha pokelewa. Msaidizi akishika kazi anaanzia kwenye nafasi halisi ya vali aliyoisoma, na anatumia muda uliopita kweli, si ule uliokadiriwa. Dai linaishia kwenye vali inayosogea bila kuruka. Hapo mna tatizo la mashine, tiba ya mashine, na matokeo yanayopimika kwa mita ya mtiririko.

Tahadhari moja: milisekunde 20 na 100 zisiingie kwenye dai la kwanza, maana mshindani atatumia 25 na kukwepa. Wekeni “muda uliowekwa” juu, na namba kwenye madai tegemezi (yanayoongeza sharti juu ya dai la kwanza). Kwenye maelezo (sehemu ya ombi inayofafanua uvumbuzi), lakini, toeni namba zote mlizonazo.

Ulaya njia ni nyingine. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unakataa programu “kama programu” tu, na kutaja kompyuta yoyote kunakuvusha mlango huo. Vita huhamia kwenye hatua ya uvumbuzi (je, fundi wa kawaida asingeliona hilo waziwazi?), ambako tangu uamuzi wa Comvik wa mwaka 2002 huhesabiwa tu vile vipengele vinavyochangia ufundi. Mwongozo wa ofisi hiyo ya Ulaya unataja udhibiti wa mchakato maalumu, kwa mfano upoozaji wa chuma cha pua, kuwa lengo la kiufundi. Kitanzi cha boila kinakaa humo vizuri.

SWALI: Nimetafuta mtandaoni sijaona popote boila ya kiwanda cha sukari ikiendeshwa na mashine pepe. Si ni mpya basi?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Inaweza kuwa mpya na isikufae kitu. Upya hupimwa dhidi ya andiko moja au bidhaa moja kwa wakati: kuna kitu kimoja, kabla ya tarehe yako, chenye vipengele vyote vya dai lako vikiwa vimepangwa vilevile? Ukiongeza maneno “ya kiwanda cha sukari”, huenda hakuna andiko moja lenye yote. Lakini mkaguzi atageukia kifungu cha 103, achukue andiko la PLC pepe na lingine la boila, na aulize kama fundi wa kawaida angeyaunganisha. Tangu kesi ya KSR ya mwaka 2007 jibu la swali hilo limekuwa rahisi kwake.

Na anayo mengi ya kuchukua. IBM iliuza VM/370, mfumo wa mashine pepe, tangu 1972. PLC za programu tupu, zinazoendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, zilikuwa sokoni miaka ya 1990. Mwaka 2005 makala ya kitaalamu kuhusu Xen, programu ya kuendesha mashine pepe, ilionyesha mashine pepe ikihamishwa kutoka seva moja hadi nyingine huku huduma ikikatika kwa milisekunde 60 tu, sawa na mizunguko mitatu ya boila ya mhandisi wa Mwanza. Jukwaa la Open Process Automation, la viwango vya wazi vya udhibiti wa viwanda, lilianza 2016, na Siemens ilitangaza S7-1500V, PLC pepe, mwaka 2023. Hata namba ya zamu tuliyoieleza juu ni mbinu ya zamani kwa watu wa hifadhidata zilizosambaa. Kinachoweza kusimama ni jinsi inavyofungamana na lango linaloshikilia vali na kidhibiti kinachoanzia kwenye nafasi halisi.

Kutafuta kwa maneno kunadanganya, kwa kuwa wengine wameiita PLC yao “mzigo wa kazi” au “huduma ya udhibiti”. Tumia namba za uainishaji kwenye Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni: G05B 19/05 kwa PLC, G05B 19/418 kwa udhibiti wa kiwanda kizima, ukizikutanisha na G06F 9/455 ya mashine pepe. Kisha pitia G06F 11/1484, ya kustahimili hitilafu kwa kutumia mashine pepe, na G06F 11/20 ya vifaa vya akiba. Ukipata hataza, usisome madai yake peke yake. Hilo ni kosa la wengi. Madai yanaonyesha mwenyewe anamiliki nini. Kinachoua upya wako ni chochote kilichoandikwa humo, hata mstari mmoja ukurasa wa 14 au kisanduku kwenye mchoro.

Chora jedwali. Vipengele vya dai lako viwe safu wima, maandiko yawe mistari, na utie alama. Mstari mmoja ukijaa alama zote, dai limekufa, andika jingine. Alama zikitawanyika mistari miwili mitatu, una kesi ya 103 ya kupigania. Safu isiyo na alama hata moja ndiyo ya kuipa kurasa nyingi kwenye maelezo. Usisahau miongozo ya watengenezaji na taarifa za matoleo ya programu: zina tarehe, na wakaguzi huzisoma.

SWALI: Tulionyesha mfumo wetu kwenye maonyesho miezi minne iliyopita, na mteja mmoja amekwisha nunua, kwa mkataba wa siri. Tumechelewa?
— Kampuni changa, Nairobi

JIBU: Marekani hamjachelewa: mna mwaka mmoja tangu kujitangaza kwenu. Kenya pia sheria ya mwaka 2001 inawasamehe wanaoomba ndani ya miezi 12. Ulaya, onyesho la wazi limekwisha waua, isipokuwa kwa yale tu ambayo hayakuonekana wala kuelezwa siku hiyo. Kagueni basi slaidi na vipeperushi: kama mlionyesha skrini na vali inayocheza, bila kueleza lango linavyokataa amri za zamani, huenda kiini bado kimefichika.

Mauzo ya siri yana mtego wake. Ulaya, kilichofungwa kwa mkataba wa siri hakijatoka hadharani. Marekani, kwa uamuzi wa Helsinn v. Teva wa mwaka 2019, hata mauzo ya siri huanzisha ile saa ya mwaka mmoja. Hesabuni kuanzia tarehe iliyotangulia kati ya maonyesho na mauzo, na zabuni yenye bei mnayomkabidhi mteja nayo huweza kuhesabiwa.

SWALI: Tuna pacha wa kidijitali (nakala ya kompyuta inayoiga mtambo) wa tanuri la saruji. Anatabiri joto la klinka. Apewa hataza?
— Tanga

JIBU: Akitabiri tu na kuonyesha kwenye skrini, mtapata shida pande zote mbili za Atlantiki. Marekani, kesi ya Electric Power Group ya mwaka 2016 iliangusha madai ya kukusanya data za gridi ya umeme, kuzichambua na kuzionyesha. Ulaya, uamuzi G 1/19 wa Machi 2021, uliohusu simulizi ya watu wanaotembea ndani ya jengo, unataka namba zinazotoka ziwe na matumizi ya kiufundi yanayoeleweka ndani ya dai lenyewe. Rudisheni utabiri tanurini: ubadilishe kasi ya mzunguko au kiasi cha makaa, na dai liseme hivyo.

SWALI: Wakili ametuandikia “moduli ya udhibiti inayofanya kazi hii na ile”. Lugha hii ni salama?
— Msomaji wa simu

JIBU: Hapana. Katika Williamson v. Citrix ya mwaka 2015 neno lililobishaniwa lilikuwa “moduli” hasa, kwenye “moduli ya udhibiti wa masomo yaliyosambazwa”. Mahakama ilisema halitaji umbo lolote la kifaa, kwa hiyo maana yake inatafutwa kwenye maelezo. Na maelezo yalikuwa hayana algoriti. Dai likatupwa kwa kukosa uhakika. Wekeni mchoro wa mtiririko wenye kila hatua, pamoja na kinachotokea hatua ikishindikana.

SWALI: Hataza ya Marekani itatulinda Dar es Salaam? Na seva ikiwa nchi moja, vali nchi nyingine?

JIBU: Haitawalinda. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Mkiomba kwanza BRELA (Tanzania) au KIPI (Kenya), mna miezi 12 ya kuomba kwingine mkihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Kwa njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, uamuzi wa nchi zipi mziingie, pamoja na gharama zake, unasogea, kwa nchi nyingi, hadi mwezi wa 30 tangu tarehe hiyo.

Swali la seva ni zuri. Katika NTP v. Research In Motion ya mwaka 2005, kituo cha kupitishia barua pepe za BlackBerry kilikuwa Kanada. Madai ya mfumo yalishika, kwa kuwa mfumo ulitumiwa na wateja walio Marekani; madai ya njia hayakushika, kwa kuwa kila hatua ilipaswa kufanyika humo nchini. Kwa hiyo msiweke dai la njia peke yake. Andikeni pia dai la mfumo, na lingine linalosimama juu ya lango la kwenye kabati pekee: linapokea amri, linakagua namba ya zamu, linasogeza vali. Seva inaweza kuhamishiwa popote kwa usiku mmoja, lango limefungwa kwa skrubu ukutani mwa kiwanda.