Fedha za Watu na Safari ya Kujitolea: Majibu kwa Wasomaji

Barua tatu za mwezi huu zinauliza jambo linalokaribiana, nalo ni jinsi ya kwenda nchi ya nje kwa muda mfupi kufanya kazi ya kujitolea, na mahali pa kupata fedha za kwendea. Nimeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo wengi huyaona baada ya kuchelewa.

*Bi Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Likoni, umri wangu ni miaka 27. Kupitia shirika moja la Nairobi nimepata nafasi katika kambi ya kazi nchini Ujerumani, mwezi wa Agosti mwakani, kwa majuma mawili, tutengeneze njia za msituni na kupanda miti pamoja na vijana wa mataifa mengine. Chakula na malazi ni juu ya wenyeji. Ada ya kujiandikisha ni shilingi 15,000, na tiketi niliyoulizia ni shilingi 118,000. Pasipoti sina bado. Nina akiba ya shilingi 64,000. Ami yangu anataka tuitishe mchango wa ukoo mara moja ili tiketi inunuliwe ingali rahisi, na mama amesema yuko tayari kuuza bangili zake. Nianzie wapi? — Mwalimu, Likoni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Anza kwa kumwomba mama azirudishe bangili zake sandukuni, kisha mwambie ami yako kwa adabu kwamba tiketi ndiyo ya mwisho kununuliwa. Mwenye pasipoti ya Kenya haingii Ujerumani bila viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na viza hiyo haina hakika hata kwa mtu ambaye mwaliko wake ni safi na nia yake ni njema. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Tiketi ikinunuliwa leo kwa fedha za ukoo na viza ikakataliwa mwezi wa Juni, utabaki na karatasi mkononi na deni la heshima kwa kila mtu aliyekuchangia.

Kwa hiyo igawe bajeti yako mafungu mawili, yaani fedha zinazotoka kabla ya viza kujulikana na zile zinazotoka baadaye. Katika fungu la kwanza mna pasipoti ya kurasa 34, ambayo ni shilingi 7,500. Ada ya viza, ambayo ukihesabu euro moja kwa shilingi 150 ni shilingi 13,500. Bima ya safari, ambayo kwa viza hiyo ni lazima igharimie matibabu yasiyopungua euro 30,000 pamoja na kukurudisha nyumbani ukiugua, nayo uitengee kama shilingi 6,000. Nauli ya treni ya SGR kwenda Nairobi na kurudi katika daraja la kawaida, shilingi 3,000, kwa kuwa alama za vidole huchukuliwa huko. Na ile ada yako ya 15,000. Jumla ni shilingi 45,000. Ongeza 4,000 za ada ya kituo cha kupokea maombi na chakula chako ukiwa Nairobi, utaona kwamba fungu hili lote linatoka katika akiba yako mwenyewe na bado unasaliwa na shilingi 15,000, ambazo utazifunga ziwe za dharura. Fungu la pili ni tiketi pamoja na shilingi 20,000 za matumizi na nauli za huko, yaani 138,000, na hizo ndizo unazoweza kuwaomba watu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeliona likiumiza nyumba yetu. Miaka kadhaa iliyopita niliwekwa mweka hazina wa mchango wa safari ya mpwa wangu, tukampa wakala fedha zote kwa mkupuo mmoja, viza ikakataliwa, na wakala akaturudishia chini ya nusu. Waliochanga hawakunilaumu hadharani, lakini wapo waliochukua muda mrefu kabla ya kuniamkia kama zamani. Fedha ya mchango ni amana, nayo haifai kuingizwa katika bahati nasibu ya viza. Mwenye kubeba hatari hiyo awe ni msafiri mwenyewe, kwa fedha alizozitolea jasho, na kwa upande wako, alhamdulillahi, unazo. Kumbuka pia kwamba pasipoti haipotei hata ukikataliwa, kwani hudumu miaka kumi, na kwamba shirika linalokupeleka linapaswa kukuandikia mapema kama ile 15,000 hurudishwa viza isipotoka, nawe usilipe kabla ya kupata jibu hilo kwa maandishi.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi siku 45. Miezi ya Juni na Julai watu ni wengi na miadi ni adimu, kwa hiyo lenga miadi ya mwezi wa Mei hivi, ili jibu likichelewa sana liwe limefika mwanzoni mwa Julai. Hilo lina maana kwamba pasipoti yako iombwe sasa, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na stakabadhi zipelekwe ofisi ya uhamiaji iliyoko jengo la Uhuru na Kazi, bila kungoja mwaka mpya. Tazama pia kalenda ya shule. Likizo ya Agosti ni kama majuma matatu tu, kwa hiyo hakikisha kambi haianzi kabla shule kufungwa wala haiishi baada ya muhula wa tatu kufunguliwa, na uchukue barua ya mwajiri inayotaja siku utakayorejea kazini. Barua hiyo ina uzito mkubwa katika maombi yako, kwa kuwa anayelisoma ombi anataka kwanza kujua ni kitu gani kitakachokurudisha nyumbani.

Anayelisoma ombi huitazama vilevile taarifa ya akaunti yako. Mwalimu ambaye kwa miezi mingi akaunti yake imekuwa na shilingi elfu chache, kisha wiki moja kabla ya miadi zikaingia 138,000, huzua maswali ambayo hutakuwepo kuyajibu. Ni afadhali ami yako aandike barua ya udhamini, aeleze uhusiano wenu na gharama atakazozibeba, aambatanishe taarifa za akaunti yake za miezi mitatu, nawe uambatanishe barua ya wenyeji inayosema wazi kwamba chakula na malazi ni juu yao. Kwa ukoo, kusanyeni ahadi sasa na fedha baadaye. Kila mtu ataje kiasi chake katika daftari, mweka hazina awe mtu mwingine asiyekuwa wewe, na siku viza itakapotoka ndipo mchango upokelewe. Ami ataona kwamba bei ya tiketi inaweza kupanda kidogo kwa kungoja, naye atasema kweli. Muulize basi kama tofauti hiyo ni kubwa kuliko tiketi nzima. Ukifika wakati huo ulinganishe nauli za kuondokea uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa kupitia Addis Ababa au Istanbul na zile za kuondokea Nairobi, na usisahau kuhesabu treni na usiku mmoja wa kulala.

Fedha zenyewe zitoke wapi? Kama mko katika mchezo wa kuchangiana fedha kazini, omba zamu yako iwe ya Juni. Mauzo ya mahamri na viazi karai siku za Jumamosi hayaleti fedha za tiketi, ila yanaweza kuleta zile 20,000 za matumizi ukianza mapema, na watu humchangia kwa moyo zaidi yule waliyemwona akijishughulisha. Andikia pia vilabu vya Rotary vya hapa mjini na kampuni mbili tatu zinazokujua, barua ya ukurasa mmoja yenye bajeti kamili, ukiwaambia kwamba huhitaji fedha yoyote kabla ya viza. Sentensi hiyo huwafungua wengi mikono. Kuchangisha barabarani au kwenye feri ni jambo jingine, kwani michango ya hadharani inahitaji leseni chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Mkopo wa Sacco mimi siuungi mkono. Ukopaji wa kujengea choo au kusomeshea mtoto una maana yake, lakini majuma mawili ya Agosti yasikatwe katika mshahara wako hadi mwaka wa tatu.

Jambo moja linanipa imani na safari yako, nalo ni udogo wa ada. Kambi za kazi za namna hii zilianza mwaka 1920, Mswisi Pierre Cérésole alipowakusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yametoka vitani, Wajerumani wakiwemo, wakajenge upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun nchini Ufaransa, na hapa kwetu Kenya Voluntary Development Association imekuwa ikiziandaa tangu 1962. Msingi wake ni kwamba mwenyeji ana kazi inayohitaji mikono, naye huilisha mikono hiyo, hivyo hana sababu ya kumtoza mgeni fedha nyingi.

*Bi Mhariri, nina miaka 22 na nimemaliza chuo. Nimetumiwa tangazo la kujitolea majuma matatu katika nyumba ya watoto mayatima huko Nepal, kwa dola 1,800 bila tiketi. Wanasema hawahitaji ujuzi wala cheti cha tabia njema, ila nitangulize dola 600 kabla ya mwisho wa mwezi. Je, niwaombe watu wanisaidie? — Kijana, Kisauni*

Hapana, mwanangu, na ninaomba usitume hata dola moja. Kwa shilingi 130 kwa dola, dola 1,800 ni shilingi 234,000, nazo ni zaidi ya safari nzima ya mwalimu wa Likoni pamoja na ndege yake. Lakini fedha ni sehemu ndogo ya wasiwasi wangu. Nyumba inayompokea mgeni asiyejulikana, isimwulize cheti cha tabia njema, kisha ikamkabidhi watoto, imekwisha kukuambia jinsi inavyowalinda watoto hao. Huko Nepal imethibitika kwamba wengi katika nyumba za namna hiyo wana wazazi walio hai vijijini, ambao waliahidiwa kuwa mtoto anapelekwa mjini kusomeshwa, na fedha za wageni ndizo zinazoiendesha biashara hiyo. Tena viza ya kitalii ya nchi hiyo hairuhusu kazi, hata ile isiyo na malipo.

Sisi wa pwani tunaifahamu hali hii tukiwa upande wa wenyeji. Tumewaona wageni wakija msimu baada ya msimu, mtoto akamzoea mmoja kwa majuma matatu, akamlilia siku anapoondoka, kisha akaletewa mwingine amkumbatie. Serikali yetu yenyewe ilisimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika familia. Jambo tusilolitaka hapa Mombasa hatuna haki ya kwenda kulifanya Kathmandu.

Kama moyo wako uko katika kujitolea, ziko njia zisizokutoza. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, ulioundwa mwaka 1970 na wenye makao yake Bonn, hautozi ada yoyote na huwapa posho ya kujikimu wanaopelekwa vituoni. Tangu mwaka 2000 una pia kazi za kujitolea kwa njia ya intaneti, kama vile kutafsiri na kusanifu kurasa, ambazo unaweza kuzifanya ukiwa Kisauni na zikakupa jambo la kuandika katika maombi yako ya baadaye. Umoja wa Afrika nao una kikosi cha vijana wa kujitolea cha wenye miaka 18 hadi 35, kilichoanza 2010, ingawa muda wake ni mwaka mzima.

*Mhariri, binti yangu ni muuguzi na amealikwa Pemba majuma matatu kusaidia kliniki ya mama na mtoto. Jamaa wanasema ni nchi ya jirani, kitambulisho kinatosha. Ni kweli? — Baba, Majengo*

Si kweli, ndugu yangu. Kitambulisho cha taifa kimetumika kuingilia Uganda na Rwanda tangu 2014, lakini kwa Tanzania achukue pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Viza hahitaji. Hata hivyo, kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine: Tanzania huhesabu kujitolea kuwa ni jambo la kibali, nacho ni kibali cha ukaazi daraja C, ambacho mwenyeji wake ndiye anayefaa kukishughulikia kabla binti hajafunga mzigo. Kwa kuwa atagusa wagonjwa, kliniki ipate pia kwa maandishi idhini ya baraza la wauguzi la Zanzibar, maana usajili wake wa Kenya haumpi ruhusa ya kufanya kazi huko.

Gharama haziwezi kuwashinda. Basi la kupitia Lungalunga hadi Tanga, kisha chombo cha kuvuka, na lugha anayo, na hilo kwa mama anayejifungua lina thamani kubwa kuliko sanduku la dawa. Alipe mwenyewe nauli akiweza, na kama jamaa wanataka kuchanga, waulizeni kwanza wenyeji ni vifaa gani vimewapungukia, mchango uende huko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano asiisahau. Kama hajachanjwa, achanjwe siku 10 kabla ya kusafiri au zaidi. Kama alichanjwa zamani, kadi ile ile inatosha, kwa kuwa tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote.