Kushusha Altezza bila kuwatesa abiria: springi, shokapu na lile pengo la fenda

Mkuu, nimekusoma. Una Toyota Altezza RS200 ya 2001, rimu za kiwandani za inchi 17, pengo kati ya tairi na fenda linakukera kila ukiliangalia gari kwa ubavuni. Fundi wa mtaani kwako anataka kukata springi koili moja na nusu kila kona, halafu kila mwisho wa mwezi unampeleka mama Morogoro. Unauliza kama gari linaweza kukaa chini na mama asilalamike. Linaweza. Nina Altezza iliyoshushwa, naiendesha Dar hii hii ya matuta, na mke wangu safarini analala kabla hatujafika Mlandizi. Ila huyo fundi mwambie aweke grinda chini kwanza.

Watu wengi wanaamini gari likishuka lazima liwe gumu. Urefu wenyewe haumuumizi mtu. Kinachoumiza ni nafasi iliyobaki kwenye shokapu. Fimbo ya shokapu inaingia tairi likipanda tuta na inatoka tairi likidumbukia shimoni, na juu ya fimbo kuna kipande cha raba laini kinachozuia chuma kugonga chuma. Tuseme gari lako likiwa limesimama lina milimita 70 za kuingia kabla ya kugusa hiyo raba. Ukishusha milimita 30, umebakiwa na 40. Ukishusha 55 kama wale vijana wa mikusanyiko ya Jumapili, umebakiwa na 15, na 15 zinaishia kwenye mfuniko wa chemba. Kuanzia hapo springi haifanyi kazi yoyote, unatembelea raba. Kile kishindo kinachopanda mpaka kwenye uti wa mgongo kinatoka hapo, na ndicho watu wanachokiita "gari gumu".

Kwa hiyo lengo langu kwa gari la kutumia kila siku ni milimita 25 hadi 30, basi. Usiidharau. Kwenye Altezza, ambayo fenda zake zimechongwa vizuri tangu kiwandani, 30 inatosha kabisa kulifanya lionekane limekaa. Pima kabla ya kuamua: paki kwenye sakafu iliyonyooka (mimi hutumia sheli moja jirani, wameshanizoea), kisha pima kutoka katikati ya rimu wima hadi ukingo wa fenda, kona zote nne. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi na kimo chake vitakudanganya. Mara nyingi utakuta kona hazilingani, springi za miaka zaidi ya ishirini zinakuwa zimelala zenyewe. Halafu, na hii watu hawaifanyi, pakia watu wanne na mizigo na upime nyuma tena. Kipimo hicho cha mzigo ndicho kinachokuambia utaweza kushusha kiasi gani, kwa sababu mama, wadogo zako na gunia la mchele watalishusha gari zaidi bila kukuomba ruhusa.

Turudi kwenye kukata. Ugumu wa springi unategemea idadi ya koili zinazofanya kazi. Kama zipo sita na ukatoa moja na nusu, ugumu umepanda kama asilimia 33. Wanaotetea kukata husema hiyo ni faida, ugumu unafidia nafasi iliyopungua, na kwenye karatasi wana hoja. Ila shokapu yako imetengenezwa kuituliza springi ya zamani. Ukiipa springi ngumu zaidi, tena shokapu yenyewe imechoka, inashindwa kuirudisha chini: gari linapiga tuta, linaruka, linatua, linaruka tena. Jambo la pili, springi iliyokatwa ni fupi kuliko shokapu ilivyo ikinyooka. Ukipiga jeki, au tairi likining'inia kwenye shimo refu, springi inacheza ndani ya kikombe chake na inaweza kutua vibaya. Na kuna mafundi ambao hawakati, wanachoma kwa gesi ili springi ilale. Huyo mkimbie. Chuma cha springi kikipata moto wa namna ile kinapoteza ukakamavu wake, na kitaendelea kulala chenyewe, upande mmoja kuliko mwingine.

Pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye shokapu. Sijui kwa nini hapa bongo tunaanza na springi wakati nusu ya Altezza zinazotembea bado zina shokapu zilizokuja nazo melini. Ukibonyeza bonti likanesa zaidi ya mara moja na nusu, shokapu imeshakufa. Ikiwa haijanesa sana lakini kuna mafuta yamelowesha mwili wake, nayo iko njiani. Za mtumba kutoka Ilala sizikatai kwa vitu vingi, ila kwa shokapu mimi sinunui: huwezi kujua ndani ikoje kwa kuisukuma kwa mkono dukani.

Ukitaka kushusha ndani ya hizo milimita 30, kuna njia mbili za shokapu. Ya kwanza ni shokapu ya urefu wa kawaida lakini yenye nguvu kidogo, kama KYB New SR Special. Ya pili ni shokapu iliyofupishwa makusudi kwa ajili ya springi fupi. Bilstein kwa mfano, B6 ni ya urefu wa kiwandani na B8 ni ya gari lililoshushwa, na ni kosa la kawaida watu kununua B6 kwa sababu tu imepatikana. Fupi ndiyo inayokurudishia nafasi ya kuingia. Kama bajeti inaruhusu, nenda nayo. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha namba ya kipuri ni ya SXE10 (kodi ya chasisi ya RS200 kama yako) au GXE10 (ya AS200), kulingana na gari lako. Muuzaji kukuambia "inaingia" hakutoshi.

Springi zenyewe: Tein, Eibach, H&R, RS-R wote wana historia nzuri, chagua ile ya kushuka kidogo. Eibach wana Pro-Kit ambayo ni ya wastani na Sportline inayoshuka zaidi. Wewe ni mtu wa Pro-Kit. Nyingi za aina hii zina koili zilizobanana upande mmoja. Hizo zinafanya kazi kwenye vijiwe na mipasuko midogo, zikishafungana ndipo zile pana zinabeba tuta. Ndiyo maana gari linaweza kuwa chini na bado likawa pole mjini.

Kuna mdau kwenye mjadala huu amesema koilova (springi na shokapu vinavyokuja pamoja, kimo chake kinarekebishwa) ndiyo dawa ya yote. Koilova nzuri ni nzuri kweli, lakini zile za bei rahisi zinazouzwa mtandaoni nyingi zinakuja na springi za kilo 8 au 10 kwa milimita, kwa sababu mnunuzi wao anataka gari lisilale kwenye kona. Maana ya 10 ni kwamba unahitaji kilo kumi kuibonyeza milimita moja tu. Kwa mama na Morogoro hapana. Ukipata hela ya koilova yenye springi laini zaidi, chagua ile ambayo urefu unarekebishwa kwa kuzungusha kikombe cha chini cha mwili, maana hapo nafasi ya kuingia inabaki ile ile ukishusha. Zile unazoshusha kwa kulegeza ringi ya springi pekee zinakurudisha kwenye tatizo la milimita 15. Na ukae ukijua pwani hii chumvi inazishika zile nyuzi. Usipozisafisha na kuzipaka grisi, siku ya kuzirekebisha utahitaji nyundo. Mfumo wa mifuko ya hewa siuzungumzii, ni ulimwengu mwingine na bajeti nyingine.

Sasa kitu ambacho hakuna fundi amewahi kuniambia bila mimi kuuliza. Altezza ina mikono miwili (vyuma vinavyoshika tairi kwenye bodi, wa juu na wa chini) kila tairi, mbele na nyuma, na mikono hiyo ina bushi za raba. Raba ya bushi haizunguki kama beringi, inajinyonga na kujirudisha. Fundi akifunga zile nati wakati gari liko juu ya jeki na tairi zinaning'inia, bushi zinakazwa zikiwa katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari chini tayari zimenyongwa, na kila tuta linazinyonga zaidi. Gari linakuwa gumu bila sababu inayoonekana, na baada ya miezi bushi zinachanika. Dawa yake ni ndogo: nati za mikono zikazwe kwa mkono tu gari likiwa juu, halafu uzito wote ukiwa juu ya tairi, gari liko kwenye kimo chake kipya, ndipo zikazwe kisawasawa. Kama gereji haina shimo, weka tairi juu ya ubao mnene au rampu ili fundi apate nafasi ya kuingia. Atanung'unika. Mnunulie soda.

Wakati huo huo mwambie akague boljointi za chini za mbele, yaani vile viungo vya duara vinavyounganisha mkono na upande wa tairi. Kwenye Altezza na ndugu yake Lexus IS200 hizo ndizo sehemu dhaifu inayojulikana, na ikichomoka ukiwa mwendoni tairi linalala. Usishushe gari lenye boljointi inayocheza, na hapa usikubali kitu cha mtumba. Raba za juu za shokapu na zile za kuzuia zibadilishwe pia. Ukifungua utakuta zimegeuka unga.

Alaimenti, yaani kupanga mwelekeo na mwinamo wa tairi, ni lazima. Gari la mikono miwili likishuka, tairi zinainamia ndani kwa juu. Kwa milimita 30 mwinamo huo ni mdogo, na wengine wanaupenda kwa macho. Kinachomaliza tairi haraka ni tairi mbili kutoelekea mbele sambamba, nao mwelekeo huo unabadilika gari likishuka. Usipoirekebisha, upande wa ndani unalika mpaka waya zionekane huku nje panaonekana papya, na unagundua siku ya kupasuka. Springi mpya zinalala kidogo wiki za mwanzo, kwa hiyo fanya alaimenti baada ya kufunga na uirudie zikishatulia. Rekebisha na taa pia kama mbele na nyuma havikushuka sawa.

Sasa lile pengo. Nusu ya unachokiona kama "gari refu" ni rimu kuwa ndani sana. Rimu ya kiwandani ya RS200 ni inchi 17 kwa upana wa 7, ofseti 50 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi inapofungwa kwenye gari). Ukiweka ya upana wa 7.5 ofseti 40, uso wa nje unasogea kama milimita 16 kila upande, na kwa ndani unapata nafasi kidogo zaidi ya uliyokuwa nayo. Tairi ikijaza fenda kwa upana, jicho linaacha kutafuta pengo la juu. Baki na 215/45 R17: ukuta wake una karibu milimita 97 za raba na hewa. Ukipanda 18 kwa 215/40, ukuta unashuka hadi 86, na hizo 11 ulizopoteza utazikumbuka kwenye kila shimo, bila kusahau rimu kupinda. Tundu la katikati la hub ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi, kwa hiyo dai ringi za kujaza hilo pengo, la sivyo stelingi inaweza kukutetemekea ukikaribia kilomita 100 kwa saa na utalaumu springi bure. Upepo ujaze ule wa kwenye stika ya mlango. Vijana wa pancha wanajaza PSI 40 kwa kila gari linalopita, hata bajaji naona wangeijaza hivyo.

Kuhusu njia yako ya Morogoro: lami yenyewe haina shida, ila pale malori yalipochimba mifereji gari la tairi pana litavuta stelingi kushoto na kulia, ushike vizuri. Matuta madogo yale yaliyopangana kabla ya vijiji ndiyo yatakayokuonyesha kama shokapu zako ni nzuri. Tuta kubwa usilipige breki juu yake. Funga breki kabla, achia, pua ya gari inyanyuke ndipo upande. Ukiingia ukiwa bado umekanyaga, mbele imeshalala na ile nafasi uliyoilipia imeisha.

Kama hela haitoshi kwa mara moja, funga shokapu na bushi mwezi huu ukiwa na springi zako za zamani, uone mama anasemaje. Rimu zifuate, springi ziwe mwisho. Kazi ya kufungua utailipia mara mbili, hilo kweli, lakini huenda ukifika kwenye rimu ukaridhika ukaishia hapo.

Weka hapa vipimo vya kona nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, pamoja na picha ya shokapu za sasa. Nitakuambia kama 30 inafaa au uishie 20.