Kwa mnaoanza kusoma postikadi na barua za zamani: geuza kadi kwanza

Nyie mnaoanza kazi ya kupanga na kusoma postikadi na barua za watu za miaka ya 1890 mpaka vita ya 1914, karibuni sana. Mimi nimekaa nazo mezani miaka kadhaa sasa na kuna vitu natamani ningeambiwa mapema.

Kwanza geuza kadi. Karibu kila mgeni anaanza na picha, anaangalia nguo na majengo anakadiria mwaka, na mimi nilifanya hivyo hivyo, kadi moja nikaiandikia 1899 kumbe picha ile ile wachapishaji waliendelea kuiuza miaka mingi baadaye. Mgongo ndo unasema. Zamani upande wa stempu ulikuwa wa anwani tu, ndo maana unakuta salamu zimebanwa pembeni ya picha, zingine zimepanda mpaka juu mawinguni. Ule mstari wa katikati, kushoto maneno kulia anwani, Uingereza waliuruhusu 1902, Ujerumani 1905, Marekani Machi 1907. Kwa hiyo kadi ya Marekani yenye mstari usiiweke 1903. Ila kinyume chake hapana, maana kadi zisizo na mstari watu waliendelea kuzituma mpaka zikawaishia.

Halafu muhuri wa posta. Shika lenzi, taa iwe ya pembeni sio ya juu, taratibu utaona namba. Angalieni sana tarehe kama 5/6, Mmarekani anaanza na mwezi, wengine wanaanza na siku. Usitegemee mwenye kadi akuambie mwaka, wengi wanaandika "Jumanne asubuhi" basi.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize. Usipange kadi kwa picha, yani makanisa huku, meli kule. Panga kwa aliyeandikiwa. Nilipewa boksi moja ambalo mtu alishalitawanya kwa miji, nikakaa wiki nzima nafuata jina moja kwenye anwani, nikapata kadi kumi na tisa, zote za mtoto mmoja kwa shangazi yake. Ya kwanza ya 1904, herufi kubwa kubwa zinapanda na kushuka, mtu mzima kamchorea mistari ya penseli. Ya mwisho ya 1909, mwandiko umelala vizuri, anasema anaanza kazi Jumatatu. Kila kadi peke yake ni "nimefika salama, mvua inanyesha", ukiziweka kwa mfuatano unaona mtu anakua. Nililia kidogo, sifichi.

Na msidharau ujumbe mfupi jamani. London wakati ule barua zilikuwa zinagawiwa mara nyingi kwa siku, mtu anatuma kadi asubuhi kusema jioni atakuja, na kadi inafika kabla yeye hajafika, ni kama meseji zetu tu.

Barua zina shida yake. Wengine walikuwa wanabana karatasi, ukurasa ukijaa anaugeuza anaandika tena kukatisha juu ya mistari ya kwanza. Ukiangalia wima unaona nyavu tupu. Inua karatasi ilale usawa wa macho, fuata mistari ya upande mmoja tu, ile mingine macho yatazoea kuiruka. Bahasha ibaki na barua yake, usiitupe, mara nyingi mwaka uko kwenye bahasha tu.

Stempu usibandue hata kama unaitamani, selotepu marufuku, na ukitaka kuandika namba tumia penseli laini tu, pembeni.

Neno likikushinda acha nafasi, weka alama ya kuuliza, usibuni. Mimi kuna neno nilisoma "nyumba" wiki tatu nzima, siku nimelinganisha ile herufi ya mwanzo na ya kwenye kadi yake nyingine nikakuta ni "mama", na barua yote ikabadilika.