Mwanangu, mrudishie picha yake

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo. Shangazi yako anakusalimu, na mwembe wa uani umeanza kuangusha embe changa kwa upepo wa juzi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema tangu ununue kamera umeshuka Ngorongoro, umekwenda Mikumi, umevuka Unguja, una picha zaidi ya 4,000, na hakuna hata moja inayokufanya utamani kutoka tena kesho. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulikaa studio miaka 26, ilhamu ulikuwa unaitoa wapi? Nisafiri zaidi, au niiuze tu hii kamera?"

Usiiuze. Hilo kwanza. La pili litachukua barua nzima, na ndiyo maana sikukujibu kwa simu.

Nilipoingia studio mwaka 1986 kazi yangu haikuwa kupiga picha. Nilikuwa nasafisha picha. Chumba cha giza, taa nyekundu, sinia tatu za dawa, kamba ya kuanikia kama ya nguo. Unatia karatasi nyeupe kwenye dawa, unaitikisa polepole, na mtu anakuja. Nywele na mboni za macho hutangulia, mashavu hufuata, shati jeupe huja mwisho kabisa. Nyingi zilikuwa picha za pasipoti, na nyuso nilizoziona zikija hivyo sina hesabu yake. Sikuzichoka. Wakati ule sikujua kwa nini.

Mwenye studio akaniazima kamera siku za Jumapili, na mkanda mmoja wa picha 36 kwa mwezi. Nikafanya kama ulivyofanya wewe: nikaenda palipo pazuri. Raskazone jua linachomoza, magofu ya Tongoni na makaburi yake ya nguzo, milima ya Amani ikiwa na ukungu. Picha zilitoka safi. Watu walizisifu. Mimi nilizitia kwenye bahasha na sikuzitoa tena. Nilikuwa nimekwenda, nimechukua, nimeondoka. Unaujua msemo wa mji wetu, "Tanga, waja leo waondoka leo". Mimi mzaliwa wa hapa hapa nilikuwa naishi na kamera yangu kama mgeni wa siku moja.

Mambo yakabadilika ufukweni Mwambani, kwa wanawake wanaovua pweza.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikwenda kwa baiskeli siku ya bamvu, siku ambazo mwezi umeandama au umekuwa mpevu na maji yanapwa hadi mwamba wote unabaki wazi. Wanawake walikuwa mbali huko, kanga zimefungwa viunoni, kila mmoja na mchokoo wake, fimbo ya kuchokolea pweza, wanainama kwenye matundu. Nikapiga picha kumi hivi. Mmoja wao, mtu mzima, akanijia akasimama mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe nawe unachukua unakwenda?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi mjini, nikasafisha, nikachagua moja ambayo yeye ameinama na mchokoo umeingia tunduni, nikaichapa kubwa. Bamvu iliyofuata nikaipeleka.

Nilitegemea atafurahi kujiona. Uso wake hata hakuutazama. Aliikausha mikono kwenye kanga, akaishika picha kwa ncha za vidole, akawaita wenzake, akaweka kidole pembeni kabisa, mahali ambapo mimi niliona mawe na vipande vya maganda ya kombe.

"Huyu umemwona?"

"Nani?"

"Pweza. Yumo humu."

Akanieleza. Pweza hula kaa na kombe, na mabaki huyatupa mlangoni pake. Ukiona kokoto na maganda yamekaa kama yamepangwa mbele ya tundu, kuna mwenyewe ndani. Siku ile yeye alikuwa anachokoa tundu lingine, tupu, na pweza alikuwa hatua mbili kushoto kwake. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, na yeye akacheka zaidi yao, maana picha ilikuwa imemwonyesha alichokikosa bamvu iliyopita.

Mwanangu, picha ile niliipiga mimi, niliisafisha mimi, niliianika mimi, na sikumwona pweza. Nilipanda baiskeli kurudi mjini nikiwa siwezi kungoja bamvu ijayo. Ndicho hicho unachoniuliza. Kilitoka kwa mtu niliyempiga picha, na nilikipata kwa sababu nilimrudishia picha yake akaisoma mbele yangu.

Nilikwenda miaka minne. Kila mara na picha za mwezi uliopita, kila mara nikifundishwa nilichokipiga bila kukijua. Na kwa kurudi huko nikaanza kuona pia mambo yangu, ya mwanga. Umeniambia umesoma kwamba mpiga picha mzuri hutoka alfajiri na magharibi, jua la saa nne ni adui. Ni kweli mahali pengi. Lakini bahari haikusoma hayo. Pwani yetu, siku za bamvu, maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Siku inayofuata huchelewa kama dakika 50, na kuendelea hivyo, mpaka maji yakiwa mafu ndipo kupwa kunaangukia asubuhi sana na jioni. Nayo siku hizo hayatoki mbali, mwamba hauonekani vizuri na wanawake wako nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kuwaona kazini, utawaona chini ya jua kali. Miezi miwili nyuso zao zilinitokea nyeusi tii chini ya mitandio. Mwezi wa tatu nikagundua kwamba mtu akisimama kwenye mchanga mweupe uliolowa, jua linadunda chini na kumrudia usoni, laini kabisa, kama mtu aliyeinamia sinia jipya la bati. Nikaacha kuwafuata juu ya mwamba mweusi. Nikawa nawangoja kwenye mkanda wa mchanga wanapovuka na ndoo zao. Picha zangu zote ninazozipenda zimetoka kwenye hatua zile thelathini za mchanga.

Utaniambia watu ni sawa, je mlima, je mti? Pango halichukui picha likakurudishia neno. Nami niliwahi kufikiri hivyo, hadi nilipofika mapango ya Amboni. Mara ya kwanza nilipiga kwa fleshi mkanda wote, na nilipousafisha nikapata weusi mtupu na kipande cha jiwe la karibu. Fleshi huishiwa nguvu haraka: umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu, na kumbi za Amboni ni kubwa. Safari ya pili nikamwonyesha kiongozi wa pangoni zile picha mbovu. Kijana yule alikuwa hajawahi kushika kamera. Alizitazama, akasema, "Dada, humu sisi hatuoni kwa kumulika mara moja. Tunaona kwa kutembea." Tukaiweka kamera juu ya jiwe, nikaiacha shata, kile kimlango cha kamera kinachopitisha mwanga, ikiwa wazi, na yeye akatembea na karabai polepole kando ya ukuta, amenipa mgongo, akiificha taa kwa mwili wake ili isiitazame kamera. Dakika mbili nzima. Ukuta wa chokaa ulitoka na mikunjo yake yote, na yeye hakuonekana kabisa kwa sababu hakusimama mahali. Pango halikunijibu, lakini anayeishi nalo alinijibu. Kila mlima una mtu wa namna hiyo, mchungaji au mchuma majani au mlinzi wa msitu. Mtafute huyo kabla ya kutafuta machweo.

Kule Amboni kuna pembe watu wanaweka sadaka zao na kuomba. Pale sikupiga, na wewe ukifika usipige. Kuna vitu vya kutazama tu.

Ulipovuka Unguja, uliingia Capital Art Studio? Kama hukuingia, safari ijayo ingia. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, baba na mwana wakapiga mji ule ule, vichochoro vile vile na bandari ile ile. Nilisimama mbele ya picha zile nikaona kwamba hakuna hata moja iliyopigwa na mtu mwenye haraka. Na mwenye studio yetu alikuwa na kitabu cha picha za Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia 1940 hadi 1954 alipiga dirisha la studio yake. Dirisha lile lile: kioo kimetoa jasho, kioo kina barafu, mti uliopinda uani una majani, mti hauna majani. Nilikuwa nalifungua kitabu hicho mchana tukikosa wateja, na nilikuwa nahisi wivu kwa mtu aliyelijua dirisha lake kiasi kile.

Kusafiri si kubaya, mwanangu. Safiri, ungali na miguu. Nisichokipenda ni ile namna ya kufika ukingo wa Ngorongoro, mahali ambapo kila gari husimama, ukapiga alichopiga kila aliyetangulia, ukarudi garini kabla vumbi halijatua. Hujachoka na picha. Umechoka kuagana na vitu usivyowahi kusalimiana navyo.

Sasa nije kwenye zile picha ishirini ulizonitumia. Nimezitazama kwenye simu, kisha nikampa kijana wa jirani azikuze kwenye kompyuta yake. Kreta ni nzuri. Simba ni mzuri. Tembo wa Mikumi umemkata mkonga kidogo, lakini si neno. Nilisimama kwenye ya kumi na nne. Naona uliipiga bila kukusudia, pale Karatu mliposhuka kunywa chai: mama anamimina chai kwenye kikombe cha bati, mvuke umemfunika nusu ya uso, picha imetikisika kidogo, na nyuma yake mtoto wa shule anahesabu sarafu kiganjani. Hukuniandikia neno juu ya picha hiyo. Mimi nimeirudia kila siku tangu Jumatatu.

Ichape. Usimtumie mtu simuni, ichape kwenye karatasi, saizi ya kushikika kwa mikono miwili. Karatu si mbali na hapo Arusha ulipo, basi la asubuhi linakufikisha kabla mama huyo hajamaliza kupika chapati. Kamera iache kwenye mkoba. Msalimie, agiza chai, mpe picha yake, halafu nyamaza umsikilize.

Na umwulizie jambo moja kwa niaba yangu. Kwenye mpini wa lile birika amefunga kitambaa chekundu, fundo mbili, upande ambao mkono wake haugusi. Si cha kuzuia moto basi. Nimekikuza, nimekigeuza, sijakijua ni cha nini. Akikuambia, niandikie.

Mama yako