Ziwa Kivu halijai wala halipwi, lakini mwezi una kazi yake

Swali la wiki: ikiwa mwezi unavuta bahari ya Mombasa na Zanzibar, mbona Ziwa Kivu halijai wala halipwi, na mbona wavuvi wa Goma bado wanahesabu siku za mwezi?

Mwezi hauyanyanyui maji kama ndoo ya kisima. Unauvuta upande wa dunia ulio karibu nao kuliko upande wa mbali, na tofauti hiyo ndogo inayakusanya maji ya bahari kutoka maelfu ya kilomita. Pwani yanajaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua linasaidia kuvuta: hiyo ndiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mwezi nusu, maji mafu: yanajaa na kupwa kidogo. Kivu lina kama kilomita 90 tu toka Goma mpaka Bukavu. Mvuto ni karibu sawa huku na kule, sasa maji ya kujazia yatoke wapi? Zinabaki milimita chache, ambazo kiwimbi cha mtumbwi kinazifuta. Ziwa likipanda mwishoni mwa masika, ni mvua, maana mlango wa kutokea ni mto Ruzizi peke yake.

Kazi ya mwezi hapa ni mwanga. Usiku vijidudu vya majini vinapanda juu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanavifuata; taa ya mvuvi inawakusanya juu ya wavu. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga uko kila mahali, taa haivutii tena, samaki wanatawanyika. Ndiyo maana usiku wa mwezi mpevu wenye mawingu mazito unaweza kuvuliwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwezi mpevu unachomoza saa 12 jioni, kisha unachelewa kama dakika 50 kila siku. Siku ya nne baada yake unatoka saa 3 na dakika 20 usiku: una karibu saa tatu za giza, tega mapema. Kabla ya mwezi kujaa ni kinyume. Mwezi nusu unatua karibu saa 6 usiku, basi giza lako ni la alfajiri. Mama anayenunua samaki sokoni Kituku akijua hili hashangai bei ikipanda.

Upepo nao una zamu yake. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo mkavu unayavukiza maji ya juu na kuyapoza. Yanakuwa mazito, yanazama, yanachanganyika hadi mita 60 hivi na kurudisha juu chakula kilichokuwa kimezama. Chini ya hapo chumvi na gesi ya kaboni dioksidi zimeyafanya maji mazito mno, upepo hauyafikii. Methani, gesi inayowaka, inabaki imefungiwa huko.

Mwenye shaka kwamba mwezi hauliinui ziwa apime. Kijiti kitupu gatini kinadanganya kwa sababu ya mawimbi. Chukua bomba la plastiki la mita 2, ziba chini, toboa tundu la sentimita 1 karibu na kitako, lifunge wima kwenye nguzo, nusu ndani ya maji. Mawimbi hayaingii, kimo kinaingia. Soma kimo cha maji ndani ya bomba asubuhi na jioni kwa siku 30, ukiandika pia mvua na upepo. Tundu likizibwa na majani, namba zitaganda mahali pamoja: zibua kabla hujatangaza kwamba ziwa limelala.