Ubuntu kando ya Windows 11

Kwa aliyeuliza kama laptopu ya mtumba ya Moi Avenue, Nairobi, yenye SSD (diski ya ndani) ya GB 256 inaweza kubeba Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, pamoja na Windows 11: inaweza. Nakili faili zako kwenye diski ya nje kwanza. Chomeka chaja pia, na ujue betri inashika chaji, maana stima ikipotea katikati ya kugawa diski, kwisha habari.

BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, ikiwa imewashwa, izime na usubiri imalize kabisa kuifungua diski. Ufunguo wake wa tarakimu 48 uandike mahali hata hivyo. Kisha endesha `powercfg /h off` kwenye Command Prompt ya Windows kama admini; inazima hibernation, ile hali ya Windows kulala badala ya kuzimika. Bila hiyo Windows haizimiki kikamilifu, na Ubuntu ikiandika kwenye patisheni (sehemu ya diski) ya Windows inaweza kuharibu faili.

Punguza C kwa GB 60 kupitia Disk Management ya Windows yenyewe, Ubuntu ipate nafasi. Ukisakinisha Ubuntu, patisheni ya EFI, ile ya kuwashia kompyuta, tumia ileile, usiifomati hata ukishawishiwa: kiwashio cha Windows kimo humo.

Baadaye saa ya Windows itabaki nyuma kwa saa tatu, tofauti ya Nairobi na UTC (saa ya kimataifa), maana Ubuntu huweka saa ya kompyuta kwa UTC na Windows huisoma kama saa ya hapa. Kurekebisha, endesha kwenye terminal ya Ubuntu: `timedatectl set-local-rtc 1`.